Dakika Tano za Kumzungumzia Habibo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimemsindikiza dada yangu Habibo kliniki kwa sindano yake ya kila mwezi. Ana skizofrenia, huu ni mwaka wa kumi na tatu. Mara ya mwisho kusikia sauti ilikuwa miaka minne iliyopita. Sifa nyingi ni zangu, ingawa daktari huzipeleka kwa dawa.

Tumemkuta mtafiti mmoja, anaitwa Kendi, dada wa Kimeru mwenye kalamu tatu mfukoni. Wanataka kujua kama kuzifundisha familia kunasaidia mgonjwa asirudiwe na ugonjwa. Kila mgonjwa na ndugu yake. Nusu watapata masomo, nusu wataendelea na matibabu ya kawaida. Kompyuta itachagua, na haimjui mtu. Nikachukua kalamu nitie sahihi. Kendi akasema, kwa upole, kwamba fomu ya Habibo inasainiwa na Habibo. Nikamweleza kwamba nyumbani mimi ndiye husaini kila kitu. Akasema amenisikia, kisha akampa Habibo kalamu.

Habibo alisoma kurasa zote nne. Akauliza kama ni kweli mtu anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Kendi akasema ni kweli kabisa. Habibo akauliza kama haki hiyo inahusu pia ndugu.

Walicheka sana wale wawili. Mimi nilikuwa nasoma bango la kunawa mikono.

Jumatano, 3 Septemba

Kuna mtihani. Kendi amesema si mtihani, lakini wanarekodi, kwa hiyo ni mtihani. Kila ndugu atazungumza dakika tano mbele ya kinasa sauti: mgonjwa wake ni mtu wa namna gani, na wanaishije pamoja. Hakuna kukatizwa.

Shida ni Mwalimu Rimberia. Mstaafu, anakaa Chechelesi, na mkewe Kinanu ana ugonjwa kama wa Habibo. Miaka sita tumekutana kwenye benchi la kliniki, na miaka sita ananifundisha mambo ninayoyajua. Alianza kuja na mwavuli wa kumkinga mkewe jua. Mwezi uliofuata nikaja na mwavuli mkubwa zaidi. Sasa huyu mtu husoma maandiko kanisani kila Jumapili. Dakika tano kwake ni salamu tu.

Nimeandika hotuba, kurasa kumi na moja. Nimeifanyia mazoezi dukani kwangu, kati ya betri na mikanda ya feni. Mteja aliyekuja kutafuta breki alisikiliza hadi ukurasa wa sita, akauliza mazishi ni lini.

Jambo lingine dogo. Binamu yetu Nasteha amepiga simu kutoka Kinna. Amepata kazi ya kushona sare za shule, sabini kwa jumla, na anataka Habibo aende wasaidiane hadi Krismasi. Habibo anasema angependa. Nikamwambia Kinna kuna joto. Akasema hata hapa Isiolo kuna joto. Nikamwambia tutazungumza. Kwa lugha yangu hiyo ni hapana.

Ijumaa, 5 Septemba

Mtihani umefanyika. Karatasi haziruhusiwi! Kendi alizichukua zote kumi na moja na kuziweka juu ya kabati kwa heshima.

Akabonyeza kinasa sauti. Nikaanza vizuri. Nilieleza ninavyohesabu vidonge vyake. Ninavyoonja chai yake isiwe ya moto sana. Nilivyotoa komeo kwenye mlango wake wakati alipougua, na sababu za kutolirudisha hadi leo. Ninavyomchagulia marafiki. Nilipotazama saa dakika nne zilikuwa zimekwisha, na nikagundua kwamba bado sijasema Habibo ni mtu wa namna gani.

Nikababaika. Nikasema akicheka hufunika macho badala ya mdomo. Nikasema ule mwaka mbaya sauti zilimtukana kutwa nzima, asubuhi mpaka jioni, na bado nikirudi kutoka dukani aliniuliza kama nimekula. Alilazimika kupaza sauti ili ajisikie mwenyewe anapouliza. Kisha nikashindwa kuendelea. Nikalia, hadi kengele ya kumaliza muda.

Nikamwomba Kendi afute dakika ile ya mwisho kwa sababu imeharibu kazi. Akasema ikiwa kweli ndivyo ninavyotaka, atafuta. Nikafikiri. Rimberia hawezi kulia, ni mwalimu wa hesabu. Nikamwambia aiache.

Jumanne, 9 Septemba

Kompyuta imetuweka kwenye kundi la masomo. Rimberia pia. Sijui kompyuta imemwona wapi.

Nilipeleka lita tatu za maziwa ya ngamia kwa Kendi ili nidokezewe alama zangu za dakika tano. Akashukuru, akasema alama za mtu hazisemwi, na hata wanaozisikiliza hawajui ni nani anazungumza. Maziwa akawagawia watu waliokuwa kwenye foleni. Rimberia alikunywa vikombe viwili.

Somo la kwanza lilikuwa leo mchana. Kendi alieleza kwamba utafiti wa miaka mingi umeonyesha kitu. Mgonjwa anayelaumiwa sana nyumbani hurudiwa na ugonjwa haraka. Na kuna ndugu wengine hawalaumu, wanapenda, ila wanapenda kwa namna ambayo mgonjwa hapati hata nafasi ya kupumua. Wanamfanyia kila kitu. Wanamfuata kila mahali. Nikamtazama Rimberia kwa huruma. Yeye naye alikuwa ananitazama. Maskini, hakujua anasemwa yeye.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja amwache mgonjwa wake afanye jambo moja peke yake wiki hii.

Alhamisi, 11 Septemba

Rimberia amemwacha Kinanu aende mazoezi ya kwaya peke yake. Habari hizo kaniletea mwenyewe, hadi dukani.

Kwa hiyo leo Habibo ameenda soko peke yake. Nilikuwa nyuma yake hatua arobaini tu, nimevaa kofia ya dereva na miwani ya kuchomelea vyuma. Upepo ulikuwa mkali, vumbi kila mahali, hali nzuri sana kwa kazi hii. Alinunua nyanya. Akapatana bei ya kitunguu na mama mmoja Mturkana anayeitwa Akai, wakacheka, wakaulizana habari za nyumbani. Sikujua ana rafiki sokoni. Nikajificha nyuma ya magunia ya viazi niwasikie vizuri.

Habibo akazunguka magunia, akanipa kikapu.

"Beba, walaal," akasema. Hivyo ndivyo mama alivyotufundisha kuitana, walaal, ndugu. "Nimebakiza sukari tu. Unaweza kungoja hapa hapa."

Nikangoja. Akai aliniuliza kama macho yangu yanauma.

Kwenye fomu nimeandika: zoezi limefaulu.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku mbaya.

Habibo alikuwa amekunja nguo zake tayari kwa Kinna. Nikamwambia hawezi kwenda, utafiti unakataza kutoka Isiolo. Nilisema kwa uso mkavu, na nikaongeza kwamba kuna kifungu. Yeye ndiye aliyesoma zile kurasa nne. Hakubishana nami. Alimpigia Kendi simu mbele yangu, akaweka sauti ya kila mtu kusikia. Kendi akasema hakuna kifungu kama hicho. Habibo aende tu, arudi mara moja kwa mwezi kwa sindano na somo, na akiona dalili hata ndogo apige simu siku hiyo hiyo.

Nikatazama miguu yangu. Habibo akaketi karibu nami.

"Hata mimi nilirekodiwa," akasema. "Waliniuliza kukuhusu."

Nikamuuliza alisema nini. Nikijua haifai kuuliza.

"Nilisema ulilala nje ya mlango wangu miezi minne nilipougua, kwenye sakafu, na bila hivyo sijui ningekuwa wapi leo. Halafu nikasema sasa ninaweza kushona sare sabini. Niliwaambia waandike yote mawili."

"Na ukiugua huko?"

"Nitaugua huko, na nitapiga simu. Hata hapa naweza kuugua, walaal, na wewe umesimama mlangoni."

Nilienda nyuma ya nyumba nikafunga vizuri cherehani yake kwa blanketi langu zito. Halafu nikatafuta lile komeo kwenye kopo la misumari, nikalirudisha mlangoni kwake. Skrubu nne. Anaondoka kesho kutwa, kwa hiyo halitatumika kwa sasa, lakini alipoliona alifunika macho.

Jumatano, 17 Septemba

Ameondoka. Dereva ni Jillo, mtu mtulivu, nimempa maelekezo kumi na manne, na akanirudishia saba bila kukosea. Rimberia na Kinanu walikuja kuaga. Kinanu alimpa Habibo kitambaa cha kichwa. Gari lilipokata kona, Rimberia akaniambia taratibu kwamba zile dakika tano zilimshinda. Alisema jina la mkewe, kisha akalia mpaka kengele ikalia.

Tukasimama pale barabarani muda mrefu. Nilimshika bega. Si mtu mbaya. Nikamuuliza alianza kulia dakika ya ngapi. Ya kwanza, akasema.

Basi kanishinda.

Alhamisi, 25 Septemba

Naandika nikiwa Kinna. Somo limeniingia sana na nimebadilika kabisa. Mgonjwa anahitaji nafasi, na nafasi nimempa: kati yangu na Habibo kuna barabara nzima, upande huu na upande ule. Nimefungua tawi la duka la vipuri mkabala na cherehani za Nasteha. Magari ni machache hapa, lakini yatakuja.

Habibo ana afya, ameshona sare ishirini na mbili. Salamu zake asubuhi ni nzuri, ingawa siku ya kwanza aliponiona alikaa chini. Nimemwarifu Kendi kwa simu kwamba dada yangu sasa anajitegemea na mimi ndiye shahidi. Akauliza niko wapi. Nikasema mtandao ni mbaya.

Leo saa nne Habibo amenitumia ujumbe. Anasema kwa heshima zote nisogeze kiti changu, nawaogopesha wateja wakiona mtu anawakodolea macho.

Nimesogeza. Kutoka hapa namwona vizuri zaidi.