Nyumba ya Kudumu ya Naftali

Ijumaa, 4 Novemba 2016. Jumeirah Village Circle, Dubai.
Nimehesabu mihuri yote ya pasipoti. Mwaka huu nimekaa Kenya siku sitini na moja tu. Hoteli za Dubai na za Nairobi nazishauri mambo ya ulinzi, na kodi ya mapato sitalipa popote. Dubai haitozi. Kenya nayo, nimesikia, huanza na mtu aliyekaa siku mia na themanini na tatu. Nimejistaajabia hadi chai ikapoa.

Jumapili, 6 Novemba.
Nimekwenda Al Baraha kwa Mzee Badawi, Mzanzibari anayewaandalia wafanyabiashara hesabu zao. Nilitaka anisifu tu. Akavaa miwani, akafungua sheria ya Kenya, akaniuliza kwa upole kama nina nyumba ya kudumu kwetu. Mimi, mwanamume wa Kakamega, niulizwe kama nina nyumba! Nikamwonyesha picha. Vyumba vitano, bati jekundu, geti lenye jina langu kwa herufi za shaba. Akasema mashallah. Kisha akasema mwenye nyumba ya kudumu hahesabiwi siku. Akikanyaga nchi hata siku moja, ni mkazi, na pato lake la Dubai linatozwa kodi huko. Nilipe tu, khalas, nipumzike.
Sheria imeandikwa kabla sijazaliwa, na ilishajua nitajenga. Naiogopa, na naipenda kidogo.

Jumatatu, 12 Desemba.
Dawa imepatikana. Wakili amemaliza kuiandikisha nyumba kwa jina la mama mkwe. Mke wangu Metrine aliniuliza kwa simu kama nimewaza vizuri. Nikamwambia sisi wa Dubai tunaona mbali. Akacheka mpaka laini ikakatika. Sijui kilichomchekesha.

Jumamosi, 24 Desemba. Kakamega.
Mama mkwe amehamia. Alinipokea jana kwa heshima zote, akiwa mbali, kama mila inavyotaka. Na kwetu mkwe halali chini ya paa la mama mkwe. Hilo lilinipita. Metrine na watoto wamelala ndani, mimi stoo ya nje, kwenye magunia ya mahindi. Niliwasikia watoto wakicheka upande wa pili wa ukuta. Iliniuma.

Jumatatu, 26 Desemba.
Nimemwomba mama mkwe anirudishie nyumba. Amejibu kupitia Metrine kwamba mchungaji ameshaiombea, na zawadi iliyoombewa hairudi.
Basi sina nyumba ya kudumu. Kwa mujibu wa sheria nimeshinda! Nimesimama nje ya geti nikiutazama ushindi wangu, bati linang'aa, jina sasa ni la mama mkwe. Mwanamume mzima hawezi kuishi na mahindi.
Mchana nimempa fundi arubuni. Ng'ambo ya barabara, vyumba sita, ghorofa. Jina langu kwenye geti litakuwa kubwa mara mbili, lisomeke hata na anayepita kwa gari.