Biti Sitini na Nne kwa Ubatizo wa Abril

Jumatatu, 9 Novemba 2009. Encarnación.

Nimeshtuka hata sijui nianzie wapi. Mimi, Evelio Benegas, muuza vitambaa, mtu mzima mwenye mke na kitambi, leo nimejitangaza fundi wa kompyuta mbele ya ukoo mzima wa mke wangu!

Ilikuwa hivi. Shemeji yangu Osmar, kaka wa mke wangu, aliyeko Madrid, amepata binti. Anaitwa Abril. Ubatizo ni Jumapili hii. Padri wa kule amekubali msimamizi wa ubatizo awe huku kwetu Paraguai, mradi aonekane na asikike kwa intaneti. Osmar amemwachia mama yake achague. Mama mkwe, Ña Eduviges, hakuzunguka. Alisema mkwe atakayemletea sura ya mjukuu wake sebuleni, huyo ndiye baba wa ubatizo.

Wakwe tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu Atilio, aliyemwoa Zunilda, dada wa mke wangu. Atilio akasema papo hapo kwamba ana kompyuta ya dukani, iko tayari, ataibeba Jumapili. Akapandisha mguu juu ya mguu. Akafyonza terere yake, chai yetu ya majani ya maji baridi, kama waziri.

Mdomo wangu ukafunguka peke yake. Ukasema kompyuta za dukani ni za wavivu, mimi ninaunda ya kwangu. Ukaendelea! Ukasema nimekwisha kuanza.

Mama mkwe alinitazama kama mtu aliyesikia kuku anabweka. Njiani Librada, mke wangu, aliuliza nimeanza lini. Nikamwambia nimeanza kichwani.

Jumanne, 10 Novemba.

Nimeteremka mji wa chini kwenye maduka, kabla hawajayabomoa yote kuupisha mto unaopandishwa na bwawa. Nikapata duka la vipuri la dada mmoja, Noelia. Nikasema nataka kompyuta, ila vipande vipande. Akauliza mfumo endeshi utakuwa wa biti 32 au biti 64.

Nilipigwa na butwaa. Hakuna aliyeniambia kuna mtihani!

Nikajikuna kidevu kama mtu anayechagua. Akanihurumia, akaeleza. Mfumo wa 32 ni wa siku nyingi, unapatana na karibu kila kifaa, lakini kumbukumbu ikizidi gigi nne hauioni. Ukiuwekea nane, zinazozidi zinakaa bure kama wageni waliofungiwa nje. Wa 64 unaziona zote. Lakini unataka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inayouweza, na kila kifaa unachochomeka kiwe na programu yake ya 64. Kisha akauliza kompyuta ni ya kazi gani. Nikasema ya kumwona mtoto mchanga. Akasema basi 32 inatosha na kubaki.

Inatosha! Neno la wanyonge.

Jioni nikampitia Atilio, kumsalimu tu. Alipoingia ndani kuongeza barafu kwenye maji ya terere, niliigeuza kompyuta yake. Nyuma kuna kibandiko. Biti 32!

Nimeamua. 64. Mara mbili yake!

Jumatano, 11 Novemba.

Siku ya msiba. Asubuhi nilinunua prosesa kwa bwana mmoja wa kando ya barabara, mwenye begi na haraka. Kisha nikanunua ubao mama, ule wa kuchomekea kila kitu, kwa Noelia. Nikauchagua kwa sababu ni mwekundu. Aliniuliza prosesa yangu ni ya aina gani, nikamwambia ni nzuri.

Nyumbani prosesa haikuingia. Nikasukuma kwa heshima. Nikasukuma bila heshima. Kitu kikalia krak.

Vijisindano vyote vya tundu la ubao vililala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Nimekaa sakafuni nikivitazama. Sijawahi kuogopa kitu kidogo namna ile.

Noelia alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema prosesa na ubao ni lazima ziwe za ukoo mmoja, la sivyo ni kama kumvika mtoto wa mwenzio kiatu cha mwanao. Nikamwambia nilikuwa najaribu tu. "Umejaribu, kaka," alisema. "Umefaulu."

Nimempa jora zima la ao po'i, kitambaa changu bora, lile nililowawekea maharusi wa Desemba. Nikarudi na prosesa na ubao vinavyoelewana, na kumbukumbu gigi nane. Akanipa na diski mbili za mfumo, ya 64 na ya 32. Hii ya pili ya tahadhari, alisema. Nimeificha chini ya godoro. Asinione mtu nayo.

Alhamisi, 12 Novemba.

Nimeunda! Kwenye meza ya chakula, kati ya muhogo na chumvi.

Nilipobonyeza kitufe mara ya kwanza, kimya. Kimya cha kaburini. Kumbe kuna waya wa umeme wa prosesa, mdogo, umejificha nyuma. Nikauchomeka. Feni ikanguruma! Nikaruka nyuma, nikaangusha bakuli la supu.

Baadaye mfumo wa 64 ukaingia bila ubishi. Nikaangalia kumbukumbu. Gigi nane! Zote! Hakuna hata moja iliyofungiwa nje. Nikacheza polka peke yangu. Librada akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme. Nikamwonyesha. Gigi nane, mke wangu, nane kamili!

Akatazama skrini. Akauliza mtoto yuko kwenye ipi.

Ijumaa, 13 Novemba.

Siamini niliyoyaona leo. Atilio kaja kwa amani!

Alibisha hodi akiwa na chipa za moto, vimkate vya jibini, na kamera ndogo ya kompyuta, kinasa sauti kimo humohumo ndani. Akasema anazo mbili, na sisi ni ndugu, tushindane kiungwana. Nikaguswa. Macho yalinilenga machozi. Nikajiona mtu mbaya kwa muda wa kula chipa moja.

Chipa ya pili akili ilirudi. Nikamwambia, kwa upole wa daktari, kwamba 32 imekufa, kule Ulaya hawaitumii tena, Osmar atamwona kama kivuli. Nikamwazima diski yangu ya 64. Nikamshauri afute kwanza kila kitu kilichomo, mfumo mpya uingie nyumba safi. Wala sikumuuliza prosesa yake inauweza au la. Si kazi yangu.

Akanikumbatia. "Ahsante, mwanyumba. Sikujua una moyo hivi."

Hata mimi sikujua.

Jumamosi, 14 Novemba.

Asubuhi Atilio mlangoni, mweupe kama jibini. Prosesa yake ni ya zamani, 64 haiiwezi. Diski imekataa. Na alikuwa amekwisha kufuta kila kitu! Kompyuta yake sasa ni sanduku la kuwekea maua. Nikavaa uso wa msiba, nikampa pole nyingi. Aliondoka taratibu. Kabla ya kufika kwenye geti alisimama, akaniuliza kama nimeshaijaribu ile kamera.

Nikakimbilia ndani, nikaichomeka.

Hakuna. Mfumo unasema haukijui kifaa hiki. Nikachomoa, nikachomeka. Nikaifuta kwa shati. Haukijui! Nikampigia simu Noelia, alikuwa kwa mama yake, huko Cambyretá. Nikamsomea jina la kamera. Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Kamera hiyo ni ya kale, walioitengeneza waliiandikia programu ya 32 tu.

Nikaenda kwa Atilio mbio, na ndara moja.

"Ulijua!" nikamwambia.

"Nilijua. Na wewe ulijua."

Zunilda alisema tuingie ndani, majirani wanaangalia.

Noelia alikuwa ameniambia dawa ni rahisi. Weka ile diski ya 32, kamera itafunguka, kazi imekwisha. Nimeitoa chini ya godoro. Nimeishika. Lakini nirudi 32? Niwe sawasawa na Atilio? Gigi zangu zifungiwe nje? Hapana! Nimeirudisha godoroni. Kamera imechoka tu. Ikipumzika itaamka.

Jumapili, 15 Novemba.



Sebule ya mama mkwe ilijaa. Majirani, wajomba, mtaa mzima, na sopa, mkate wetu wa mahindi, mezani. Ña Eduviges alivaa gauni la bluu na hereni za dhahabu alizoolewa nazo. Aliketi mbele ya skrini, mikono mapajani, kama mtu aliyeketi kanisani. Osmar hajaonana naye tangu aende Hispania.

Nikawasha. Na mtoto akatokea!

Jamani! Abril, mzima mzima, mwenye kofia nyeupe, akipiga miayo. Sebule ililipuka. Mama mkwe aliweka vidole kwenye kioo, juu ya shavu la mtoto, akalia bila sauti. Nilimtazama Atilio. Atilio alitazama viatu. Nilikuwa mfalme.

Ndipo Osmar akasema, "Mama? Hatuwaoni. Kuna giza tu."

Nikaitikisa kamera.

"Mama, uko hapo? Hata hatuwasikii."

"Niko hapa, mwanangu!" alipaza sauti Ña Eduviges. "Niko hapa, nakuona, umekonda!"

"Mama? Uko hapo?"

"Niko hapa!" Alisimama. Alikuwa akikiambia kioo kwa nguvu zake zote, na kijana anageuza kichwa huku na huku, anamtafuta. "Osmar! Mimi hapa!"

Hakuna aliyecheka. Nikajitupa chini ya meza kutafuta tundu jingine la waya. Atilio naye akaja chini ya meza! Akaniambia ni makosa yangu. Nikamwambia kamera ni yake. Akanivuta tai. Nikamng'ata mkono, kidogo tu.

Tukiwa humo tulisikia padri akiuliza ni nani anamsimamia mtoto huyu. Kisha nikasikia sauti ya Librada, tulivu kabisa. "Mimi."

Nilitoa kichwa. Mke wangu alikuwa amempigia Osmar kwa simu yake ya mkononi. Simu iko katikati, kati ya shavu lake na la mama yake, na kule Madrid Osmar amemshikia padri ya kwake. "Mimi shangazi yake, Librada." Akajibu maswali yote. Anamkataa shetani? Anamkataa. Alisema hivyo akinitazama mimi chini ya meza.

Maji yakamwagwa, Abril akapiga kelele, mama mkwe akacheka na kulia kwa pamoja. Baba wa ubatizo hakuna. Kuna mama wa ubatizo, na inatosha, padri amesema.

Jumatatu, 16 Novemba.

Mama mkwe hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alimwita Noelia. Noelia alikuja, akaweka mfumo wa 32, akachomeka kamera ya Atilio, ikafunguka palepale. Hakumaliza hata terere yake. Jioni Ña Eduviges alizungumza na Osmar ana kwa ana. Walionyeshana kila kitu, hata goti lake linalouma. Alitusindikiza hadi mlangoni uso unang'aa kama wa msichana.

Kisha akasema kompyuta hii sasa ni yake, iko vizuri, na mkwe yeyote atakayeigusa atakula jikoni na kuku maisha yake yote.

Nimeapa. Atilio ameapa. Tumepeana mikono.

Jumatano, 18 Novemba.

Nimeshtuka upya! Nimesikia sokoni kwamba Atilio ameagiza prosesa mpya. Ya 64! Chini kwa chini, huku ananichekea!

Nikakimbia kwa Noelia kuuliza 128 inatoka lini. Akasema haiko, na hata ikiwako sitaihitaji. Ndivyo wanavyosema wakiwa wameificha.

Haidhuru. Kwa sasa nitairudisha 64, ila kwa siri na kwa uangalifu, na safari hii nitatafuta kamera kwanza. Au baadaye. Ña Eduviges yuko misani hadi saa sita. Librada kaenda naye, nami niko peke yangu sebuleni kwa mama mkwe. Nimeshafungua skrubu zote, nimezipanga vizuri kwenye sahani.

Na prosesa hii, naona kama imekaa upande kidogo. Naisukuma tu, kwa heshima.