Msimamizi wa Watu Mia Nne na Kumi na Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Nashukuru. Mkurugenzi katuita chumba cha mafunzo, mimi na Bi Kimya, akafunga mlango ili tusisikie mashine za kufulia. Tulizisikia vilevile. Kampuni imenunua mfumo wa mafunzo wa kompyuta! Daftari la mahudhurio basi tena. Kila mfanyakazi, kuanzia wafuaji hadi madereva wanaopeleka mashuka hospitalini na hotelini, atasoma masomo ya usalama kwenye simu yake. Dawa za kufulia. Kunyanyua mizigo. Kuzima mashine. Kunawa mikono. Watu mia nne na kumi na wawili. Uzinduzi ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Maandalizi ni yetu sisi wawili. Bi Kimya ndiye mtaalamu wa kompyuta. Jina hilo kapewa kwa sababu anaweza kumaliza wiki kwa maneno ishirini. Mimi ni karani wa mafunzo. Baada ya uzinduzi, kasema Mkurugenzi, mmoja wetu atakuwa mratibu wa mfumo. Kisha kanikumbusha kwa upole kwamba mkataba wangu unaisha tarehe 31.

Nilijua. Asiyejua ni mama mkwe. Yeye tangu mwaka jana anajua nimeajiriwa moja kwa moja, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Mke wangu kanipa hadi mwisho wa mwezi uongo ule uwe kweli, la sivyo atamweleza mwenyewe. Nampenda mke wangu. Ana subira.

Jumanne, 4 Machi

Bi Kimya kaniletea karatasi yenye mambo matatu. La kwanza, kusafisha orodha ya wafanyakazi: jina, namba ya kazi, simu, na msimamizi wa kila mtu. La pili, kuipitisha orodha kwenye mfumo wa majaribio, ambao ni pacha wa ule wa kweli ila hauna watu ndani. La tatu, kuzima ujumbe wa simu hadi siku ya uzinduzi.

Nilimshukuru sana. Nikaona la kwanza pekee lina kazi ya kutosha, nikaikunja karatasi.

Nimewaza mchana kutwa. Bi Kimya anajua kompyuta, sikatai. Lakini mimi najua watu. Lazima niwe mtu ambaye kampuni haiwezi kumwacha. Namna ya kufanya hivyo bado sijaipata, ila naisikia inakuja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda jumba la pasi kukusanya namba za simu. Wapiga pasi thelathini na wanane, mvuke hadi darini, hakuna aliyeinua kichwa. Kiongozi wao, Mama Pasi, kasema wamesikia habari zote. Wamesikia kuna mtihani. Wamesikia atakayeanguka anafukuzwa. Namba za simu hawatoi, ili barua za kufukuzwa zisipate njia.

Nilimbembeleza. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikasifu mikunjo ya mashuka yake. Nikaapa kwamba hafukuzwi mtu. Mwishowe kakubali shingo upande. Karatasi mle hakuna, maana mvuke unazilowesha, kwa hiyo kachukua foronya kuukuu na ile kalamu ya kuwekea mashuka alama, akaniandikia namba zote thelathini na nane juu yake.

Nilirudi ofisini nimeibeba kama bendera. Nikaiweka mezani, nikaenda kunywa chai. Niliporudi haipo! Mtu wa kukusanya nguo chafu kapita na kikapu chake. Nilikimbia hadi kwenye mashine, nikakuta mlango umeshafungwa na maji yanazunguka. Nikasimama pale dakika arobaini na tano nikiitazama foronya yangu kupitia kioo.

Ikatoka safi, nyeupe, na namba zote zipo. Wino ule hautoki hata kwa maji ya kuchemka. Mama Pasi kaipiga pasi bila kuuliza kitu. Namshukuru aliyebuni wino ule, popote alipo.

Jumamosi, 8 Machi

Imekuja! Nimeipata nikiwa naoga.

Orodha ina safu ya msimamizi. Katika mfumo huu hakuna anayehesabiwa kuwa amemaliza somo hadi msimamizi wake aidhinishe. Wasimamizi wa kweli ni kumi na tisa na kuwatafuta mmoja mmoja ni kazi ya punda. Kwa hiyo nimeweka namba yangu ya kazi, 0217, kwenye mistari yote. Yote! Nimeiandika mara moja, nikaivuta hadi chini, kwisha. Mtu anayeidhinisha watu mia nne na kumi na wawili hawezi kuachwa mkataba wake ukaisha. Kampuni nzima itasimama.

Kumbe hata Mkurugenzi yumo kwenye orodha. Na mimi pia nimo. Sikuona sababu ya kubagua.

Mke wangu kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia amwandae mama yake kwa habari njema. Akanijibu kwamba mama yake alishapewa habari hizo mwaka jana.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Naandika hivyohivyo.

Asubuhi Bi Kimya hakuwepo, kaenda kung'olewa jino. Nikafungua mfumo wa majaribio niipitishe orodha, ukawa unajivuta. Nikawaza: kama ni pacha, si kitu kilekile? Nikaipakia orodha moja kwa moja kwenye mfumo wa kweli. Ilichukua sekunde nane. Nilisimama, nikajinyoosha, nikajipongeza.

Kisha simu zikaanza kulia. Kwanza yangu, kisha za chumba cha jirani, kisha jumba zima la kufulia, hadi nikazisikia juu ya mashine. Kila mfanyakazi kapata ujumbe kwamba msimamizi wake mpya ni mimi, kwamba hajamaliza masomo manne, na kwamba ana siku tatu. Mkurugenzi naye kapata. Kwake ulitaja kunawa mikono.

Walioingia wakabonyeza kila kitu, na maombi ya idhini yakamiminika kwangu. Nikawa naidhinisha kwa vidole viwili. Kufika la arobaini mfumo ukasema siwezi kuidhinisha wengine hadi masomo yangu yaidhinishwe na msimamizi wangu. Nikaangalia msimamizi wangu ni nani. Nikajiandikia ombi. Nikalipokea. Nikajaribu kujikubalia, nikaambiwa nisubiri idhini ya msimamizi wangu. Saa nne na dakika ishirini mfumo ukaganda kabisa.

Wapiga pasi hawakusubiri maelezo. Wamezima pasi wakakaa chini. Siku tatu, kasema Mama Pasi, ndiyo notisi yenyewe. Mashuka ya hospitali yamelala kwenye vikapu bila kunyooshwa. Hilo limeniuma kuliko yote, kwa sababu mimi ndiye niliyewaapia.

Jumanne, 11 Machi

Tumeitwa. Mkurugenzi kashika simu yake kama ushahidi. Kauliza tangu lini yeye anasimamiwa na karani. Nilijua maneno yafuatayo yangekuwa kwaheri, na nilishaanza kupanga nitakavyomweleza mama mkwe.

Ndipo Bi Kimya, shavu limevimba kama kaficha limau, akafungua mdomo.

"Bosi, tulikuwa tunajaribu. Afadhali yametokea jana kuliko Alhamisi. Tumejua namba za simu sitini na moja ni mbovu, na tumejua mfumo unagandia wapi."

Tulikuwa. Kasema tulikuwa! Mimi na yeye! Machozi yalinilenga, nikajitia nafuta miwani, na miwani sivai.

Mkurugenzi katulia kidogo, lakini katoa sharti. Jumba la pasi lirudi kazini na likubali mfumo kabla ya Alhamisi, la sivyo hakuna uzinduzi na hakuna mratibu. Na kumwambia Mama Pasi ni kazi yangu.

Kwenye korido nilimshika Bi Kimya mkono kwa shukrani. Kauvuta wake taratibu.

"Kaka, niliandika mambo matatu. Ulifanya mangapi?"

Nikasema mawili. Ni moja. Hata uongo wangu ulikuwa na upungufu.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda jumba la pasi na kuomba radhi. Nilieleza kila kitu, safu ya msimamizi na yote. Mama Pasi kaniuliza kama mimi mwenyewe nimeyafanya masomo hayo. Nikasema mimi ndiye karani wa mafunzo. Akasema hakuuliza hilo.

Akanipa simu yake. Nikalifanya somo la kunawa mikono mbele ya watu thelathini na wanane, nikisoma maswali kwa sauti. Nikaanguka. Nikarudia. Nikaanguka vibaya zaidi. Swali la sabuni na maji, kipi kianze, nililikosa mara zote mbili, na nimefanya kazi kwenye kampuni ya kufua kwa miaka mitatu.

Walicheka hadi mmoja akashikilia meza. Mama Pasi alipopata pumzi akageukia wenzake.

"Jamani, kama huyu bado ana kazi, humu hafukuzwi mtu. Washeni pasi."

Wakawasha. Sijawahi kutukanwa nikashukuru namna ile. Nilibaki kuwasaidia kukunja hadi saa ya kutoka. Mikunjo yangu waliifungua yote wakaikunja upya, lakini walinipa kiti.

Alhamisi, 13 Machi

Uzinduzi. Mfumo umewaka saa mbili asubuhi na haukuganda. Wasimamizi kumi na tisa, kila mmoja na watu wake. Bi Kimya aliisafisha orodha upya, akaipitisha kwenye majaribio mara tatu huku akinikalisha pembeni, mikono yangu juu ya meza mahali anapoiona. Jumba la pasi limemaliza somo la kwanza kabla ya idara zote. Mkurugenzi kapata alama tisini kwenye kunawa mikono na kamwonyesha kila mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Bi Kimya ndiye mratibu. Anastahili, na nasema hivyo bila kinyongo. Lakini sikiliza! Kamwomba Mkurugenzi ampe mimi niwe msaidizi wake. Ajira ya moja kwa moja! Mkurugenzi kamuuliza kwa nini, na yeye kajibu kwamba kosa lolote linaloweza kutokea kwenye mfumo ule, mimi nitalifanya kabla ya mtu mwingine. Sijawahi kusifiwa hivyo mbele ya bosi.

Nimetia sahihi. Nimempigia mke wangu. Kasema sasa anaweza kula kwa mama yake bila kuinamia sahani kwa aibu. Nikamsikia analia kidogo, na mimi nikalia, nikasimama kando ya mashine namba sita ili watu wadhani ni mvuke.

Nimekosa namna ya kumshukuru Bi Kimya kwa maneno, kwa sababu maneno hayapendi. Basi nimemwandalia jambo. Yeye keshaondoka mapema, shavu bado linamsumbua. Nimetengeneza somo jipya kwenye mfumo, liitwalo Shukrani kwa Mratibu Wetu. Maswali matano kuhusu wema wake. Ni la lazima kwa wafanyakazi wote. Alama ya kufaulu ni mia kwa mia, kwa sababu shukrani haiwi nusu. Asiyefaulu atakumbushwa kwa ujumbe kila baada ya dakika kumi hadi afaulu.

Swali la tatu linauliza rangi anayoipenda. Sijui ni ipi, kwa hiyo nimeliacha bila jibu sahihi. Nitamuuliza Jumatatu.

Nilifikiria kulipitisha kwanza kwenye mfumo wa majaribio. Lakini ule hauna watu ndani, na hili ni jambo la moyo. Nimebonyeza.