Torvik ya Mama Ardith

Jumatatu, 12 Januari

Tumefika Quartzsite. Jangwa lilelile, upepo uleule, wazee walewale wa viti vya kukunja. Mkutano wa wenye Torvik umeanza leo, mpaka Jumamosi. Magari-nyumba kumi na moja, yote rangi ya maziwa, yote na mstari wa kahawia ubavuni, yamejipanga duara kama ng'ombe waliosikia mbwa mwitu. Kiwanda kule Minnesota kilifungwa miaka thelathini na mbili iliyopita. Wenyewe bado wanayapitia wakiyapapasa kama farasi wa mashindano. Sielewi.

Langu si Torvik. Langu lina miaka mitatu, televisheni mbili, ukuta unaojisukuma nje ukibonyeza kitufe, na moto wa umeme unaocheza bila kuunguza. Kasri! Ila linavuja. Na kwa kuwa si mwanachama, nimeegeshwa nyuma ya mapipa ya taka.

Nafanya nini hapa basi? Muulize Nedra. Mke wangu wa miaka arobaini na moja amesema tone moja zaidi likimdondokea kitandani, anapanda basi kwenda kwa dada yake Tulsa, nami nibaki na televisheni zangu. Hakupaza sauti. Nedra asipopaza sauti, mtu mwenye akili anaanza kutetemeka.

Sasa sikiliza. Mama Ardith Nygaard, mjane wa miaka themanini na moja, anahamia kwa binti yake Duluth. Torvik ya marehemu mumewe Einar anaiachia. Atamtaja mtu Jumamosi, kwenye kifungua kinywa cha pankeki. Amesema bei si tatizo, anatazama mtu.

Mtu ndiye mimi, Burl Tackett! Niliacha shule darasa la tisa, lakini dunia ikanimalizia masomo. Nimeendesha malori majimbo arobaini na sita. Nimelala Meksiko mara tatu. Nimekula nyoka kwa hiari yangu.

Jumanne, 13 Januari

Nimeanza kazi mapema. Nimemwambia Mama Ardith kwamba mimi na Torvik tumekua pamoja, kwamba mjomba wangu alikuwa nayo, kwamba naijua kama kiganja changu. Akafurahi sana. Akaniuliza basi, mwanangu, mpini wa kumwaga maji uko wapi? Nikajibu bila kupepesa macho: kando ya injini, kushoto. Akasema uko chini ya kitanda, na kwamba huyo mjomba lazima alifurikwa na maji mara nyingi. Watu wakacheka mpaka kiti kimoja kikakunjika na mwenyewe ndani.

Nikabadilisha njia. Nikamwendea Wendell Quisenberry, daktari wa meno mstaafu, mwenye Torvik safi kuliko zote na daftari la kila boliti aliyowahi kukaza. Nikamwuliza kwa heshima: bwana, mnaipendea nini hasa? Haina ukuta wa kusukuma. Jiko lake kama la bibi yangu. Wendell akasema funga mlango.

Nikafunga. Dup.

Nikauliza: halafu? Akasema funga tena. Nimefunga mara sita. Dup, dup, dup. Nikauliza nisikilize nini. Wakatazamana na mkewe, wakanitikisia vichwa kama watu waliotoka kumzika mtu.

Nimerudi kwangu nikafunga mlango nijaribu. Kitasa kimebaki mkononi.

Jumatano, 14 Januari

Leo akili yangu imewaka! Mama Ardith alinipa ufunguo nimletee sweta lake, yeye akiwa kwenye bingo. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Wote wapo kwenye bingo, mimi nitaipiga Torvik yake polishi, mwili mzima, kwa mkono, kimyakimya. Akirudi ataikuta inang'aa, atauliza nani huyu mwenye mapenzi hivi, nami nitainamisha kichwa.

Nikafungua mlango kwa ufunguo. Mapazia ya kahawia, sweta la kijivu kwenye kiti. Barabara! Nikapeleka sweta, nikarudi na kopo la nta. Saa nne nzima! Mgongo umekufa. Bega la kulia sina habari nalo. Lakini lile gari lilikuwa kioo, niliweza kujinyoa ndevu ubavuni mwake.

Jioni, chakula cha pamoja, kila nyumba na bakuli lake. Natia mdomoni jeli ya kijani yenye karoti ndani (hiyo nayo siielewi), nasikia makofi. Wanampongeza Wendell! Eti Torvik yake inang'aa ajabu. Wendell anaapa hajui nani kafanya. Mama Ardith akamshika mkono akamwambia unyenyekevu wake unamkumbusha Einar. Halafu akajitazama, akauliza mbona leo yeye mwenyewe amevaa sweta la mwanamume.

Nikamnong'oneza mzee mmoja: inawezekanaje ufunguo wa Mama Ardith ukafungua kwa Wendell? Akaniangalia kwa huruma. Akasema kiwanda kilitoa kitasa cha aina moja tu. Ufunguo wowote unafungua zote kumi na moja. Kila mtu anajua, ndiyo maana huwa wanabisha hodi.

Nifanyeje? Nikidai polishi yangu, itanibidi nieleze nilivyoingia nyumbani kwa daktari wa meno na kuiba sweta. Nimekula jeli yote.

Alhamisi, 15 Januari

Mungu hamtupi Burl Tackett! Nimemsikia Wendell akimweleza mkewe akiipata ya Mama Ardith ataifanya nini. Ataivunja! Ataing'oa bawaba, vioo, vitasa, pampu, aweke ghalani vipuri. Torvik ya marehemu! Kweli machozi yalinilenga, na sikuwa naigiza.

Nikakimbia kwa Mama Ardith nikamwaga yote, mkono kifuani. Akanimiminia kahawa. Akasema anajua, mwanangu, Wendell mwenyewe alimwambia. Akasema hata hii ya Einar ina pampu ya Torvik iliyofia Oregon, na dirisha la jikoni ni la rafiki yao aliyepinduka Nebraska, hakuumia. Kiwanda hakipo, duka halipo. Moja ikiwekwa chini, kumi zinatembea. Einar aliona hiyo ni heshima, si kuvunja.

Kwa hiyo nimekwenda kumchongea mtu, nikaishia kumpigia kampeni. Yaani wanaipenda mpaka wanaikatakata? Kichwa changu leo ni uji.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua. Jangwani! Na wiki hii, kati ya zote za mwaka!

Saa tatu asubuhi Nedra alikuwa anatandika kitanda. Tone. Akasimama. Tone la pili, kwenye mto wake. Akatoa sanduku. Nikamwambia mpenzi, hilo ni jasho la gari. Akakunja gauni la kwanza. Nikamwambia nitapaka silikoni. Akauliza ya ngapi hii, Burl? Sikumbuki. Akatoka na sanduku mvuani, mimi nyuma yake na mwavuli, mwavuli ukageuka ndani nje.

Mama Ardith akafungua mlango wake akatufokea: mnataka kuota uyoga huko nje? Ingieni!

Tukaingia. Dup. Mvua ikabaki nje. Sijui niseme vipi. Ilikuwa inanyesha kama mawe, na ndani unasikia saa ya ukutani. Mama Ardith akasema paa lile ni kipande kimoja, lilitoka kwenye kalibu kama bakuli, halina kiungo wala tundu. Nami nikaanza kueleza habari za paa la Meksiko, mpaka nikamwona Nedra.

Alikuwa amekaa kwenye kibenchi, kiganja kimelala mezani, nywele zinamchuruzika. Akasema polepole: hapa pametulia. Basi. Halafu akalia kidogo. Miaka mitatu namnunulia vitufe, sijamwona akikaa hivyo hata mara moja.

Paa la Meksiko nikaliacha hewani. Dakika nzima! Mama Ardith alitazama saa, ashuhudie.

Basi la Tulsa ni kesho saa tano. Hajafungua sanduku.

Jumamosi, 17 Januari

Pankeki. Nimemwagia shira kiatu changu. Mama Ardith akasimama. Akasema Einar asingemlaumu Wendell, na Wendell asinung'unike, vipuri vitapatikana. Lakini jana kuna mtu aliingia ndani akasikia alichokuwa anakisikia Einar. Torvik ni ya Nedra Tackett. Karatasi zote jina lake. Akaongeza kwamba mume anakuja nayo, kama tairi la akiba.

Nilipiga ukelele, mbwa wote wakaitikia. Nikamkumbatia Mama Ardith, nikamkumbatia Wendell, nikakumbatia na mpishi. Wendell, maskini, akamletea Nedra sanduku la bawaba, bure. Nikashindwa kumchukia.

Saa tano basi likaondoka. Nedra alikuwa anapanga sahani kwenye kabati lake jipya, anafunga na kufungua droo, anacheka peke yake.

Jumapili, 18 Januari

Nimelala kama mtoto. Nimepata muda wa kufikiri, na sasa nimeelewa kila kitu. Ni polishi. Mama yule aliona, akapima, akatuzungusha tu na maneno ya utulivu ili Wendell asiumie. Akili yangu ndiyo iliyoleta Torvik hii.

Ina kasoro moja: haina televisheni. Dishi la kasri letu bado zima, kilo kumi na mbili. Wendell ameniazima drili, hata hakuuliza ya nini. Nedra na Mama Ardith wamekwenda mjini kufua, watarudi saa saba. Nataka iwe mshangao. Boliti nne tu, na paa lile ni imara, kwake matundu manne ni sawa na mbu kumuuma tembo.

Upande wa California kuna wingu, lakini mimi mkono wangu mwepesi.