Kanga wa Mama Ndinda

Jumatatu, 6 Julai 1987

Sasa hivi Ndinda amemwaga mtama wangu wote uani. Ameita "kuru kuru kuru" kama susu yake, mama mkwe wangu, kuku wote wakaja mbio, naye akakaa katikati yao akipiga makofi. Miaka miwili na tayari ana mifugo! Nilitaka kumkemea, nikambusu. Lakini ule mtama ulikuwa wa kuvuta kanga, wale ndege wa madoa, bwawani.

Mzee Mbugua, yule mwenye duka mjini Sultan Hamud anayependa kutazama ndege kwa darubini, analeta wageni Jumamosi kwenye bwawa letu la msituni. Anatafuta mtu wa kuwaongoza kila wiki. Kazi mlangoni! Nisipoipata, baba Ndinda amesema niende Sultan Hamud kufulia watu nguo, mtoto abaki na susu yake. Mungu nisaidie. Jirani yangu Kaluki naye anaitaka. Watoto wake washakuwa wakubwa, ya nini?

Jumatano, 8 Julai

Nimejificha kichakani bwawani mpaka miguu ikafa ganzi. Mtama nilioazima wamekula tumbili. Kanga, hata mmoja hakuja! Na Mzee Mbugua ameshawaahidi wageni kanga. Kaluki akapita na punda wake wa maji, akauliza kama nimekuja kutazama ndege au ndege ndio waje kunitazama.

Ijumaa, 10 Julai

Nimepata! Huku kwetu tukiokota mayai ya kanga tunamwekea kuku ayaatamie. Kwa hivyo kuku ni mama wa kanga. Wanatofautiana madoa tu. Nimemchukua kuku mweusi wa mama mkwe, nikamtia unga na maji kwa kijiti, doa, doa, doa. Amependeza! Kichwa sikukigusa. Wageni hawatafika karibu.

Jumamosi, 11 Julai

Nilimfunga mguu kwa uzi kwenye majani, ng'ambo ya bwawa. Wageni wakafika, na mchungaji wa kanisa letu pia. Nikawanong'oneza wasisogee, kanga ni mwoga. Mzee Mbugua akainua darubini, akasema kanga huyu amenona. Mama mmoja akasema Mungu ni fundi. Nikasema amina! Kaluki, ambaye hakuna aliyemwita, akasema kanga huyu anafanana na kuku wa mama mkwe wangu, labda ni wa ukoo. Nikamwambia asitutishie ndege.

Basi Ndinda akachomoa kichwa kwenye leso mgongoni kwangu, akaita: kuru kuru kuru!

Kanga akakata uzi. Akapita majini pembeni, akijipigapiga mabawa, akatokea upande wetu mweusi ti. Akasimama miguuni pangu akidai mtama.

Mzee Mbugua akaketi chini kwa kucheka. Kaluki akauliza kanga wangu hutaga wapi. Mimi niliona beseni za nguo za watu, na Ndinda akinililia mlangoni. Machozi yakanitoka. Mzee akaniuliza kuna nini, nikamweleza yote, mbele ya mchungaji.

Akapangusa macho. Akasema ametazama ndege miaka mingi, hajawahi kuona mmoja akiitika anapoitwa. Wageni nao walikuwa wanauliza kama wanaweza kurudi. Akasema kazi ni yangu, nije na Ndinda mgongoni, ila niape sitaleta kuku tena. Nikaapa! Kaluki akaenda zake bila kuaga.

Jumatatu, 13 Julai

Maisha mapya! Jumamosi wageni wanataka kuona paa. Shida ni kwamba paa hawajaonekana tangu mvua iishe. Kuku niliapa, na neno langu nitalishika. Lakini mbuzi si kuku. Yule mdogo wa mama mkwe ana rangi ya paa kabisa, amepungukiwa tu na ile alama nyeusi chini ya jicho. Masizi ya sufuria yanatosha. Ndinda amenisaidia, mikono yake yote myeusi, anacheka mpaka anaanguka. Mtoto huyu sitamwacha popote.

Mama mkwe anaita kutoka zizini. Anauliza ni nani amempaka mbuzi wake wanja. Nitamwambia tu kwamba mbuzi alijisugua mwenyewe kwenye sufuria.