Ndama wa Kaisari

Katika mji mzima wa Goma, mtu mwenye Kaisari mfukoni alikuwa mmoja tu: Anastase, fundi wa simu wa Murara. Usipomuuliza habari za Kaisari huyo, alikueleza. Ukimuuliza, ndugu yangu, jua siku hiyo umeshinda na njaa!

Ilikuwa sarafu ya fedha ya Warumi wa kale, nyembamba, yenye kichwa cha mwanamume wa pua ndefu. Aliinunua kwa Olivier, muuza mitumba wa Mabanga, aliyeapa kwamba huko Ulaya sarafu kama hiyo hubadilishwa kwa zizi zima la ng'ombe. Anastase akatoa pesa zote alizokuwa ameweka za kununulia ng'ombe. Na ng'ombe huyo hakuwa wa mchezo! Ndiye mahari aliyotakiwa kupeleka milimani Masisi ili ampate Uwimbabazi.

Basi akaanza kusoma. Alijifunza kwenye simu kwamba maandishi huanzia nyuma ya shingo ya mfalme, huzunguka kichwa, na kila neno limekatwa mkia. Badala ya kuizungusha sarafu, alijizungusha mwenyewe, mpaka wateja wakadhani amelewa. Lakini akafaulu! IMP ni kamanda mkuu. TRAIANO ndilo jina lake. AVG, mtukufu. GER, aliyewashinda Wajerumani. DAC, aliyewashinda Wadaki, watu ambao Anastase hakuwajua kabisa lakini aliwachukia papo hapo.

Mama yake, Mukamurenzi, amekulia Goma, mji wa vibao vya mashirika vilivyojaa herufi tupu. Aliposikia herufi hizo, akauliza kwa heshima kama shirika hilo linagawa maturubai au maharagwe. Alipoambiwa kwamba ndilo lililokula ng'ombe, akakaa chini.

"Mutoto yangu, batatufukuza," akasema. "Uwimbabazi ataolewa na mwengine."

Anastase akamwambia atulie, yeye desturi anaijua. Kwa watu wa kule, ng'ombe wa mahari akizaa, baba mkwe huwarudishia maharusi mtamba. Mambo yamenyooka! Atatoa sarafu, atapokea mtamba. Akaanza kuwatangazia majirani maziwa, akanunua hata bidoni la bati la kukamulia.

Siku ya posa, baba wa Uwimbabazi, mfugaji Habumugisha, mtu asiyependa maneno mengi, aliketi na wazee wake kusubiri. Ng'ombe wa mahari lazima asifiwe mbele ya wakwe, na Anastase akasimama kusifu alichokuwa nacho. Akazunguka ua mzima, jicho moja kwenye sarafu, akimtaja kamanda mkuu, mtukufu, aliyewashinda Wajerumani, aliyewamaliza Wadaki. Wazee wakatikisa vichwa. Kusema kweli, hawakuwahi kusikia ng'ombe mwenye vyeo vingi kiasi hicho. Uwimbabazi alikuwa akichungulia nyuma ya pazia, amejiziba mdomo, na Anastase hakujua kama ni kilio au kicheko.

Habumugisha akaipokea sarafu, akaitazama pande zote kama anavyotazama mnyama sokoni. Akauliza kama inakula sana, kama inavumilia baridi, na mama yake alitoka zizi gani. Anastase akajibu bila kusita kwamba alitoka Roma. Mukamurenzi akafumba macho na kuanza kusali.

"Tumeipokea," akasema Habumugisha. "Hii ni ngombe. Na siku itazala, tutabarudishia mutoto yake, vile desturi inasema."

Ni ng'ombe! Anastase alirudi Goma miguu haigusi chini, na njia nzima akamfundisha mama yake majina ya kumpa mtamba.

Siku ya harusi alikuja na bidoni lake, amelisugua mpaka linaona aibu. Wakati wa zawadi, Habumugisha akatangaza kwamba ng'ombe wa Kaisari amezaa salama. Vigelegele! Anastase akageukia lango kumpokea mtamba wake, lakini langoni hapakuwa na hata mbuzi.

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa kisarafu cha Rwanda, cha kununulia pipi ng'ambo ya mpaka. Akafumba jicho moja. Kisha akaanza kujizungusha taratibu, mzima mzima, akisoma kandokando yake.

"Mama yake tumemuchunga muzuri," akasema. "Muangalie mutoto: muviringo, na majina imemuzunguka. Damu ni ileile."

Desturi haina huruma: anayepewa ng'ombe hunyanyua mikono juu kama pembe na kushukuru mbele ya watu wote. Anastase akanyanyua, akashukuru kwa sauti ya kifaranga. Halafu, kwa kuwa hakujua akiweke wapi kisarafu hicho, akakitumbukiza ndani ya bidoni, nacho kikalia huko chini hadi watu wa nyuma wakasikia.

Uwimbabazi, ambaye sasa alikuwa mke wake wa halali, akamwinamia mumewe sikioni kwa heshima zote.

"Papa," akasema, "kamua."