Jasho la Sweta

Jumatatu, 12 Januari 2026
Precious, ukilikuta daftari hili, lifunge! Hata sufuria hujaosha, unataka kusoma siri za bibi yako?

Nimenunua sweta la mtumba mnadani Bariadi. Zito, la kijivu, la vifungo. Precious akasema neno sweta linatokana na neno la Kiingereza la jasho. Wazungu wa zamani walilivaa kusudi watoke jasho, hata farasi waliwavika. Wajinga!

Kisha akili ikaniamka. Pamba yangu imemezwa na magugu. Mzee Masalu, mkubwa wa ukoo, amesema nisipopalilia hadi Jumamosi, shamba anampa Nyanjige, mke mwenzangu. Marehemu Ngassa alituacha wajane wawili, na huyo ndiye mdogo. Lakini mgonjwa hupaliliwa na kijiji.

Basi nitaumwa.

Jumanne, 13
Mchana kutwa jikoni, karibu na moto, sweta hadi shingoni. Jasho! Nyanjige kaja na uji. Eti pole dada, umeiva kama kiazi. Kaamini, mpumbavu.

Ila viganja vimetoka malengelenge. Jembe sikushika.

Jumatano, 14
Nyanjige anapiga vigelegele. Shamba lake lilipaliliwa lote jana mchana, hajui na nani. Nikaenda kuona. Nyayo kila mstari. Mguu wa kushoto hauna kidole cha mwisho.

Nikautazama mguu wangu. Nikazifuta zile nyayo, haraka.

Magugu yangu? Yako palepale, yananifika kiunoni.

Alhamisi, 15
Sikulivaa. Nimelianika tangu asubuhi. Adhuhuri kanga zimekauka, sweta linachuruzika. Nimeonja: chumvi. Mikononi lina tope jeusi la shambani. Mikono ile ikapanda, ikashuka, ikapanda, kama ya mtu anayelima. Upepo hakuna.

Kuku wangu wote wamehamia kwa Nyanjige. Hata kuku!

Ijumaa, 16
Kijiji hakikuja. Benedikta, mkubwa wa kikundi cha kulima, kauliza mgonjwa gani ana viganja vya namna ile.

Nyanjige kasema tuamke wote alfajiri, tupalilie wawili kabla Masalu hajafika. Shamba litapona. Nimekataa. Nisaidiwe na yule!

Jasho langu lilimlimia yeye; lake na linilimie mimi. Nimemwita Precious. Nimemwambia: chukua sweta hili, mpelekee bibi yako Nyanjige. Sema ni zawadi. Avae sasa, afunge vifungo vyote, akae motoni. Na wewe usimame hapohapo mpaka atoke jasho. Nenda!